Kabla Hujakata Tartani: Kitambaa na Vifungio vya Kilti

Kilti ni sketi ya marinda isiyo na zipu, isiyo na lastiki, isiyo na upindo chini. Inakaa mwilini kwa uzito wa kitambaa chake na kwa mikanda mitatu midogo ya ngozi, basi. Ukilielewa hilo kabla ya kutoa pesa, utanunua vizuri. Usipolielewa, utashona vazi la kupendeza pichani ambalo litaanza kuteremka kiunoni kabla karamu haijaisha.

Naandika kwa fundi anayejua tayari kushona suruali na koti, ambaye sasa ameletewa kazi ya kilti au ameamua kujishonea yake. Sitaeleza namna ya kushona rinda moja baada ya jingine. Hilo linahitaji kitabu kizima na mwalimu wa karibu. Nataka tubaki kwenye meza ya kununulia, maana kilti nyingi huharibika pale, mkasi ukiwa bado mezani.

Anza na uzito

Uskoti hupima kitambaa cha kilti kwa wakia. Mfumaji akikwambia kitambaa chake ni cha wakia 16, ana maana kwamba yadi moja ya kitambaa cha upana mkubwa, ule wa inchi 54 hadi 60, ina uzito wa wakia 16, yaani karibu gramu 450. Cha wakia 10 au 11 ni chepesi, cha 13 ni cha kati, cha 16 ni kizito, na juu ya hapo viko vya wakia 18 na zaidi, vyenye asili ya jeshini. Kilti kamili ya kitambaa cha wakia 16 hubeba sufu ya karibu kilo 1.8, kabla hujaweka bitana, kanvasi na bizimu.

Fundi aliyezoea kushona nguo za nchi ya joto atashtuka na kukimbilia chepesi. Asifanye hivyo. Rinda la kilti halikushonwa hadi chini. Limeshonwa kutoka kiunoni hadi nyongani tu, takribani theluthi moja ya urefu wa vazi, na sehemu iliyobaki inaning'inia huru. Kinachoirudisha mahali pake mtu anapotembea, anapocheza au anapoinuka kitini ni uzito wake pamoja na alama ya pasi iliyozama kwenye sufu. Kitambaa cha wakia 10 hupeperushwa na upepo, hujikunja mtu akikaa, na marinda yake hufunguka kama yamechoka. Cha wakia 16 huanguka wima na kutulia. Tena ni rahisi zaidi kukishona, kwa kuwa ukishakikunja na kukipiga pasi, kinakaa ulivyokiweka.

Ushauri wangu ni huu: kama kilti itavaliwa Uskoti, Kanada au popote penye baridi, nunua wakia 16. Kama mvaaji anaishi Dar es Salaam au Mombasa na ataivaa kwenye sherehe za jioni, wakia 13 zinatosha. Usishuke chini ya hapo kwa kilti ya jadi, hata muuzaji akikubembeleza.

Sufu gani, na imefumwaje

Si kila sufu inafaa. Tafuta kitambaa cha nyuzi zilizosokotwa kwa sufu ndefu iliyochanwa mpaka manyoya yakalala sambamba. Ukikipitisha kiganjani ni laini, kikavu, hakina vinyweleo vya kusimama. Sufu yenye manyoya mafupi yaliyochanganyika, kama ile ya makoti mazito ya baridi, ni nene na yenye kufukafuka. Marinda yake hayakati, na kiunoni hurundikana.

Kisha geuza kitambaa kwenye mwanga. Tartani, yaani kitambaa cha kilti chenye miraba ya rangi, hufumwa kwa mshazari: kila uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili, na katika kila mstari unaofuata hatua inasogea uzi mmoja. Ndiyo maana utaona vijistari vyembamba vya pembeni vikipanda upande mmoja, na ndiyo maana rangi mbili zinapokutana hutoa rangi ya tatu iliyonyunyizika. Ukiona kitambaa ambacho rangi zake ziko upande mmoja tu na nyuma kumepauka, hicho kimechapwa, hakikufumwa. Kiache. Mistari iliyochapwa mara nyingi haifuati nyuzi, na utakapoanza kupanga marinda utagundua kwamba mstari mwekundu unapanda mlima.

Kama una shaka kuhusu sufu yenyewe, omba uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Zipo kilti nyingi za poliesta iliyochanganywa na viskosi, nazo zina kazi yake: zinafuliwa kirahisi na bei yake ni nafuu, zinafaa kwa bendi ya vijana au kwa mtu anayezivaa kazini kila siku. Lakini usiuziwe hiyo kwa bei ya sufu.

Jambo la mwisho la ufumaji ni ukingo. Kilti haipindwi chini. Ukingo wa kitambaa wenyewe, uliofumwa ukaisha bila pindo nene wala nyuzi za kuning'inia, ndio unaokuwa mwisho wa vazi kwenye goti. Ukipinda chini utaongeza tabaka mbili katika kila rinda, na marinda yatatanuka kama mwavuli. Basi shika ukingo mkononi kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa mnene, umevutika au una matundu ya sindano za mashine, kitambaa hicho si cha kilti, hata kama kinaitwa tartani.

Seti, na yadi ngapi

Kila tartani ina fungu la mistari linalojirudia; Waskoti huliita seti. Ipime kwa futi ya utepe kutoka katikati ya mstari mmoja hadi pale unapojitokeza tena. Nyingi huwa kati ya inchi 5 na 8, na kipimo hiki ndicho kinachoamua utanunua kiasi gani. Ukipanga marinda kwa kufuata seti, yaani mgongo wa kilti uonyeshe tartani ileile iliyoko mbele, kila rinda linameza seti nzima: karibu robo tatu ya inchi huonekana na iliyobaki hujificha ndani.

Chukua mvaaji mwenye nyonga za inchi 40. Nusu yake, inchi 20, ni ya marinda nyuma. Kwa rinda la robo tatu ya inchi, unapata marinda kama 27. Seti ikiwa ya inchi 6, marinda hayo yanakula inchi 162, yaani yadi nne na nusu. Ongeza vipande viwili bapa vya mbele, cha nje na cha ndani, pamoja na mikunjo yake ya pembeni, yadi mbili na nusu hadi tatu. Umefika yadi saba na kitu. Seti ikiwa ya inchi 8, marinda peke yake ni yadi sita. Hapo ndipo inapotoka sifa ya kilti ya yadi 8.

Yadi 8 si amri. Kilti za mwanzo zilizoshonwa marinda, mwishoni mwa karne ya 18, zilitumia kama nusu ya hizo, zikiwa na marinda mapana machache. Sheria ya mwaka 1746 iliyowanyima wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti vazi lao iliwaacha nje askari wa vikosi vyao, nayo ilifutwa mwaka 1782; kwa muda huo jeshi ndilo lililolibeba vazi hadharani, na baadaye mazoea mengi ya kijeshi yaliingia kwenye ushonaji wa raia. Kupanga marinda kwa kufuata mstari mmoja, ili mgongo mzima uwe na mstari uleule katika kila rinda, ni moja ya mazoea hayo; kikosi cha Gordon Highlanders, kwa mfano, kiliweka mstari wake wa njano. Mtu mwembamba, au mwenye mkoba mdogo, atapata kilti nzuri ya yadi 5 iwapo marinda yatapangwa kwa hesabu.

Sasa sikiliza kwa makini sehemu hii, maana ndipo pesa hupotea. Yadi 8 zinazotajwa ni za upana mdogo. Kitambaa cha upana mkubwa unanunua yadi 4, unakichana katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vya upana wa inchi 27 hadi 30, kisha unaviunga na kuuficha mshono ndani ya rinda. Lakini ili kila kipande kiwe na ukingo chini, kimoja lazima ukigeuze kichwa chini. Tartani nyingi husomeka sawa kutoka kushoto au kulia, kwa hiyo hakuna tatizo. Zipo ambazo hazisomeki sawa, na Buchanan ndiyo inayojulikana zaidi: ukikigeuza kipande, mfuatano wa rangi unarudi nyuma na hautaungana na mwenzake. Kwa tartani ya namna hiyo, agiza kitambaa cha upana mdogo, au zungumza na mfumaji mapema.

Hata kwa tartani inayosomeka sawa, pima umbali kutoka ukingo wa kushoto hadi mstari mkubwa wa kwanza, kisha kutoka ukingo wa kulia. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana hata kwa nusu inchi, mistari ya kulala ya kipande kimoja itakuwa juu kuliko ya kingine, na hakuna pasi itakayoficha hilo.

Kuhusu kuchagua tartani ipi, nitasema kwa ufupi. Uskoti ina Daftari la Tartani lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kufunguliwa mwaka 2009, linalotunzwa na Nyaraka za Taifa mjini Edinburgh, na mtu yeyote anaweza kulitafuta kwenye intaneti. Black Watch na Royal Stewart huvaliwa na watu wa koo zote na wasio na koo. Nyingine zina wenyewe na zinahitaji ruhusa kabla ya kufumwa. Ya Balmoral ni ya familia ya kifalme. Muulize mteja, angalia daftari, ndipo uagize.

Visivyoonekana

Marinda 27 ya sufu nzito yakirundikana kiunoni yangekuwa ukuta. Kwa hiyo fundi wa kilti, baada ya kushona marinda hadi nyongani, hukata na kuondoa sehemu kubwa ya kitambaa kilichojificha ndani, juu ya nyonga. Kilti inakaa vizuri, lakini imepungukiwa nguvu mahali hasa ambapo mikanda itavuta. Nguvu hiyo inarudishwa na kanvasi.

Nunua kanvasi ya mafundi wa makoti, ile yenye manyoya ya mnyama ndani yake, inayorudi umbo lake ukiikunja. Ishonwe kwa mkono, ipite mgongo mzima wa kilti ndani, kutoka bizimu hadi bizimu, ili mvuto wa mikanda ubebwe nayo badala ya mishono midogo ya marinda. Usitumie kitambaa cha kubandika kwa pasi. Kilti hupigwa pasi ya mvuke mara nyingi, na gundi ikiachia utapata mapovu mgongoni ambayo hayatibiki.

Bitana iwe ya pamba imara, iliyofumwa kwa kubana, na uiloweke na kuikausha kabla ya kukata, isije ikasinyaa ndani ya kilti iliyokwisha kushonwa. Satini huteleza, na shati lililochomekwa halitulii. Uzi wa kushonea uwe wa poliesta bora au hariri, wa rangi mbili tatu zinazofuata mistari ambako mishono itaangukia. Nunua pia uzi dhaifu wa pamba wa kupiga bandi, tena wa kutosha: marinda yote hupigwa bandi hadi chini kabla ya kupasi, na kilti inayosafirishwa mbali hurudishiwa bandi hiyo.

Kabla ya yote hayo, jaribu mvuke. Chora mraba wa inchi 10 kwenye kona ya tartani kwa uzi, upige mvuke mwingi, uache upoe, upime tena. Ukipungua, piga mvuke kitambaa chote kabla hujakata.

Mikanda na bizimu

Mikanda ya kawaida ni mitatu. Kipande cha ndani huanzia kulia kwa mvaaji na kupita tumboni kwenda kushoto. Mkanda wake hutokea nje kupitia mpasuko mdogo kwenye nyonga ya kushoto, ukafungwa kwenye bizimu upande wa nyuma. Kisha kipande cha nje hutoka kushoto kwenda kulia na kufungwa kwa mikanda miwili, mmoja kiunoni na mmoja chini yake kwenye nyonga. Ile miwili ya kiunoni ndiyo inayobeba vazi. Wa nyonga hauvuti. Unatuliza tu ubapa wa mbele usipepee. Wapo mafundi wanaouacha. Mimi ningeuweka, ila ningemwonya mvaaji asiukaze, kwa sababu ukikazwa huyavuta marinda yaliyo karibu nao na kuyafungua.

Upana unaofaa ni inchi moja hadi inchi moja na robo. Mwembamba zaidi ya hapo hukata kiuno na kung'oa mishono. Ngozi iwe ya ng'ombe, iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 2 hadi 3. Itazame pale ilipokatwa: ngozi halisi ni nyuzi tupu kutoka juu hadi chini. Ukiona ganda la plastiki juu na kitu kama karatasi katikati, itapasuka matunduni katika mwaka wa kwanza. Ikunje; ikivunjika rangi, iache. Kisha lowesha kitambaa cheupe na uisugue. Rangi nyeusi ikitoka hapo, itatoka pia kwenye sufu siku ya jasho.

Huna haja ya kuagiza mikanda Uskoti. Fundi viatu mzuri atakukatia, atalainisha kingo na kutoboa matundu ya mviringo, na kazi yake mara nyingi ni imara kuliko ya vifurushi vya dukani. Mwambie atoboe matundu matano kwa nafasi sawa, na wewe uweke bizimu mahali ambapo mvaaji atafunga tundu la katikati. Hivyo ana nafasi ya kunenepa na ya kukonda.

Bizimu iwe na upana wa ndani sawa na mkanda, ulimi mmoja ulionyooka, na kingo zilizolainishwa. Ipitishe kwenye kitambaa cha soksi, na ikinasa, itanasa kwenye tartani pia. Zilizo na kigurudumu huulinda mkanda usichubuke. Chukua sumaku unapokwenda kununua. Shaba hainaswi; chuma kilichopakwa rangi ya fedha kinanaswa, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani kitaota kutu chini ya ganda lake, kisha kutu iingie kwenye sufu. Kama mteja anataka rangi ya fedha, tafuta shaba iliyopakwa nikeli.

Kushona mikanda ni kazi ya mkono, kwa uzi mnene uliopakwa nta, matundu yakiwa yametobolewa kwanza kwa msharasi. Sindano ipenye ngozi, tartani na kanvasi kwa pamoja. Bizimu iliyoshonwa kwenye tartani peke yake itaning'inia na kupasua kitambaa. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona zaidi kwenye kilti za bei rahisi, nayo inaniuma, kwa kuwa kuizuia ni suala la kuisukuma sindano ndani zaidi kidogo.

Velkro na vifungo vya kubonyeza huonekana kwenye kilti za kawaida za mtaani. Kwa kilo mbili za sufu, vifungo huachia. Velkro hushika, lakini meno yake huichana sufu kila inapofunguliwa, na sauti yake haifai kanisani. Kwa mtoto anayekua, velkro inakubalika.

Mkanda mpana wa kiunoni, wenye bizimu kubwa ya mapambo, hauishiki kilti. Mfuko wa ngozi unaoning'inia mbele una mkanda wake mwenyewe. Chagua ambao sehemu ya nyuma ni ngozi tupu, kwa kuwa mnyororo ukipita juu ya marinda hula nyuzi. Na ile pini kubwa ya kona ya chini kulia hupita kipande cha nje pekee. Ukiipitisha kwenye vipande vyote viwili, mtu akikaa au akipanda gari, sufu inachanika.

Vitambaa vya nyumbani

Nimeulizwa kama kilti inaweza kushonwa kwa kikoi, kitenge au shuka la Kimasai. Sketi ya marinda, ndiyo, na ya kupendeza sana. Kilti ya jadi, hapana. Kikoi na kitenge ni vyepesi mno na pamba yake haishiki alama ya pasi jioni nzima. Shuka lina miraba inayofanana na tartani kwa mbali, ila mengi ya sokoni ni akriliki: pasi ya moto wa sufu huyang'arisha na kuyayeyusha, na ya moto mdogo haiweki rinda. Mteja anayetaka kuunganisha nyumba mbili kwenye harusi, mshonee kilti ya sufu, na kitenge kiingie kwenye tai, kizibao na bitana ya koti.

Ukishanunua, weka kando robo yadi ya tartani, bizimu moja ya akiba na mkanda mmoja usiotobolewa, mfungie mteja kwenye bahasha. Kilti iliyoshonwa vizuri huvaliwa miongo mingi, na bizimu zake zinaweza kuhamishwa inchi mbili mbele au nyuma bila kugusa rinda hata moja, mradi kanvasi chini yake imefika mpaka huko.